Dinari Mbili za Msamaria

Katika Injili ya Mtakatifu Luka, sura ya kumi, Bwana wetu aeleza habari za mtu aliyevamiwa na wanyang'anyi katika njia ya kushukia Yeriko. Habari hiyo twaijua tangu siku za katekisimu. Kila tuisikiapo kanisani, macho yetu humfuata kuhani aliyepita kando, na Mlawi aliyepita kando, kisha Msamaria aliyeshuka katika mnyama wake akamwaga mafuta na divai katika majeraha ya yule mtu. Hapo mahubiri mengi hukoma. Walakini Bwana wetu hakukoma hapo. Asema kwamba siku ya pili yake Msamaria alitoa dinari mbili, akampa mwenye nyumba ya wageni, akaahidi kulipa hata kile kitakachozidi, siku atakaporudi.

Fedha zimo basi katika Injili hii, tena zimehesabiwa. Dinari moja ndiyo iliyokuwa ujira wa kibarua kwa kutwa nzima, kama tusomavyo katika mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu. Huruma ya Msamaria ilimgharimu papo hapo jasho la siku mbili, na juu yake deni ambalo mwisho wake haukujulikana.

Wasomaji wapenzi, leo twataka kunena habari za fedha za namna hiyo, yaani fedha za kutafutia dawa. Hatusemi fedha za kununulia dawa iliyokwisha kuwapo dukani. Hizo kila mzazi azijua, maana zimemtoka mfukoni usiku wa manane mtoto alipochemka homa. Twasema zile zitolewazo miaka kumi au ishirini kabla, wakati dawa yenyewe haijulikani bado, na pengine haitapatikana kamwe. Ni nani apaswaye kuzitoa? Na yule azitoaye, je, amepata pia haki ya kuchagua mgonjwa wa kuponywa na mgonjwa wa kuachwa?

Tutwae ugonjwa mmoja uwe kielelezo, nao si mgeni kwetu: malale. Wenyeji wa Tabora, Kigoma na Katavi wamjua mbung'o, na wengi wamesikia kwa babu zao habari za vijiji vilivyohamishwa kwa ajili yake. Mbung'o aumapo hupenyeza vijidudu katika damu. Siku zikipita vijidudu hivyo huingia ubongoni, na hapo mtu hubadilika. Husinzia mchana na kukesha usiku, huwakasirikia wanawe bila sababu, husahau njia ya kurudi kwake, na mwisho hulala usingizi asioamka. Malale ya upande wetu wa mashariki huua kwa miezi michache. Ile ya Kongo na nchi za magharibi huweza kukawia miaka.

Tangu mwaka 1949 dawa ya malale iliyokwisha kufika ubongoni ilikuwa melasoproli, nayo imetengenezwa kwa aseniki, ambayo ni sumu. Hudungwa mshipani, na wagonjwa husimulia kwamba yaunguza kama moto. Katika kila wagonjwa 100 waliodungwa, wapatao watano waliuawa na dawa yenyewe. Daktari alijua hivyo, na ndugu wa mgonjwa walijua. Lakini asiyedungwa alikufa kwa hakika, basi walimshika mikono akadungwa. Nusu karne ilipita hivyo.

Katikati ya muda huo nuru ilionekana. Wataalamu waliokuwa wakitafuta dawa ya kansa walipata dawa iitwayo eflonithini, ikaonekana kwamba yaponya malale ya magharibi hata kwa mgonjwa aliyekwisha kupotewa na fahamu. Watu waliokuwa wakihesabiwa wafu waliamka wakaomba chakula. Wauguzi wakaipa jina la dawa ya ufufuko. Mwaka 1990 serikali ya Marekani iliithibitisha. Na kisha, katika miaka hiyo hiyo ya 1990, kiwanda kikaacha kuitengeneza, kwa kuwa wagonjwa wake walikuwa wanavijiji wa Kongo, Sudani, Uganda na Angola, watu wasio na kitu cha kulipia.

Mwaka 2000 dawa ile ile ilirudi madukani huko Marekani. Safari hii haikuwa ya kudunga. Ilikuwa mafuta ya kupaka, ya kupunguza nywele zinazoota katika nyuso za wanawake.

Hatumlaumu mwanamke atunzaye uso wake. Hilo si dhambi. Lakini hebu tuitazame habari hii bila kugeuza macho. Mama mmoja alikuwa amelala katika mkeka kando ya mto wa Kongo, akifa. Mama mwingine alikuwa mbele ya kioo chake ng'ambo ya bahari. Dawa ilikuwa moja. Ikamwendea yule wa pili, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na mkoba. Mwaka 2001, baada ya kelele nyingi za waganga wa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka na jitihada za Shirika la Afya Duniani, kampuni ya Aventis ilikubali kuitengeneza tena kwa ajili ya malale na kuitoa bure kwa miaka mitano.

Wengi waisikiapo habari kama hii hukimbilia kuwalaani wenye viwanda. Sisi hatutaki kwenda mbio hivyo. Turudi Yeriko. Mwenye nyumba ya wageni alizipokea zile dinari mbili, wala Bwana wetu hakumkemea. Alikuwa na kuni za kununua, na nafaka, na watumishi wa kulipa. Kiwanda cha dawa kina watumishi vile vile, na kina watu waliokikopesha fedha zao. Tena katika dawa nyingi zianzwazo katika maabara, chache mno humfikia mgonjwa. Ukikiamuru kiwanda kila mwaka kitengeneze hasara, kitafungwa, na hapo hatutapata hata ile dawa ya kulipia. Biashara ni biashara. Kosa letu ni kuiachia biashara peke yake kazi isiyoiweza, kana kwamba yule mwenye nyumba ya wageni angetoka mwenyewe usiku kwenda kuwatafuta majeruhi njiani.

Hata hivyo hatumpi udhuru wote. Papa Paulo wa VI, katika barua yake ya mwaka 1967 juu ya maendeleo ya mataifa, alikumbusha fundisho la kale la Kanisa, kwamba mali ya mtu si haki isiyo na mpaka, hasa wakati wengine wamekosa kilicho cha lazima kwa uhai. Mwenye kushika dawa ya kuwaamsha wanaokufa ameshika amana. Asipoweza kuitengeneza yeye, yampasa kumtafuta awezaye, tena kwa bidii, si kungoja hata apigiwe kelele.

Wala malale haikuwa peke yake. Madaktari waliohesabu dawa mpya zilizotokea ulimwenguni toka mwaka 1975 hata 1999 walipata 1,393. Zilizokuwa za magonjwa ya nchi za joto na za kifua kikuu, zote pamoja, zilikuwa 16.

Je, Msamaria alipatikana? Alipatikana, na yafaa tulisimulie hilo pia, maana gazeti linalosimulia maovu peke yake halisemi kweli yote. Madaktari Wasio na Mipaka walipopewa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 1999, fedha za tuzo hiyo waliziweka kwa ajili ya magonjwa yaliyosahauliwa. Mwaka 2003 likaanzishwa shirika la kutafuta dawa za magonjwa hayo, liitwalo kwa kifupi DNDi, lisilotafuta faida. Miongoni mwa waanzilishi wake ni taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, pamoja na taasisi za Brazili, India, Malaysia na Ufaransa. Watu hawa walifanya jambo la unyenyekevu: walikwenda kupekua makabati ya zamani. Mwaka 2005 wakaikuta feksinidazoli, dawa iliyobuniwa zamani katika kampuni ya Hoechst ya Ujerumani kisha ikaachwa. Wakaifuta vumbi, wakaijaribu. Wagonjwa 394 wa Kongo na wa Jamhuri ya Afrika ya Kati waliingia katika jaribio kubwa, katika hospitali ambazo nyingine hufikiwa kwa mtumbwi na pikipiki. Mwaka 2018 dawa ikakubaliwa. Ni vidonge, humezwa kwa siku kumi. Hakuna sindano ya moto tena. Fedha zilitoka kwa serikali kadha wa kadha za Ulaya, kwa mfuko wa Gates na kwa wengine. Kampuni ya Sanofi, iliyomrithi yule Aventis, huitengeneza na kuitoa bure kwa njia ya Shirika la Afya Duniani.

Malale yetu ya mashariki ilingoja zaidi. Ilijaribiwa kwa wagonjwa 45 tu, Malawi na Uganda, kwa kuwa wagonjwa wamekuwa wachache na wa kutafutwa kwa taabu; na huko Uganda kazi ilifanyika katika hospitali ya Lwala, iliyo hospitali ya Kanisa. Mwishoni mwa mwaka 2023 wakaguzi wa dawa wa Ulaya waliikubali kwa malale hii pia. Hata hapo, mgonjwa wa upande wetu ambaye ugonjwa umemfika ubongoni alikuwa hana ila melasoproli.

Tumekwisha kusema wagonjwa 394, na 45. Hapa yatupasa kusimama kidogo. Utafiti wa dawa una masanduku mawili ya sadaka, na watu hulitazama moja tu. Katika moja huwekwa fedha. Katika la pili huwekwa mwili wa mtu: damu yake, mkono wake unaodungwa, siku zake za kulala hospitalini akitazamwa. Sanduku hilo la pili aghalabu hujazwa na maskini. Chanjo ya malaria iliyopitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 ilijaribiwa kwanza kwa watoto zaidi ya 15,000 katika nchi saba za Afrika, na miongoni mwao walikuwamo wa Bagamoyo na Korogwe, na wa Kilifi na Siaya huko Kenya. Mama zao walitembea kwa miguu kuwapeleka. Bwana wetu alipoketi kulielekea sanduku la hazina Hekaluni hakuwahesabia watu kwa wingi wa fedha, alimwona mjane. Twaamini akina mama wale nao wameonekana.

Lakini sadaka hiyo ni sadaka ikitolewa kwa hiari. Mwaka 1906 Robert Koch, mtaalamu mkubwa wa Ujerumani, alikuja visiwa vya Sese katika ziwa Viktoria, akitumwa na serikali yake kuutafutia malale dawa. Watu walikuwa wakifa kwa maelfu, naye alifanya kazi kwa bidii. Aliwadunga wagonjwa dawa ya aseniki iitwayo atoksili, akaongeza kipimo, na baadhi yao wakapofuka kabisa. Hakuna aliyekuwa amewaeleza hatari hiyo wakaikubali. Serikali ndiyo iliyolipa, na mwenye kulipa hakuwa na mazoea ya kumwuliza mwenyeji.

Kwa ajili ya mambo ya jinsi hiyo, na ya mengine ya kutisha kupita hayo yaliyotendwa na Wajerumani katika kambi za vita, Papa Pio wa XII aliwaambia madaktari waliokutanika Roma mwezi wa Septemba 1952 kwamba faida ya sayansi, ingawa ni kubwa, haimpi mtu ruhusa ya kufanya lolote. Wala faida ya jumuiya haimpi. Mgonjwa si kitu cha serikali. Daktari hana juu yake amri zaidi ya ile aliyopewa na mgonjwa mwenyewe, na mgonjwa naye si bwana wa mwili wake pasipo mpaka, maana mwili ni wa Mungu. Kwa sababu hiyo hiyo Kanisa hukataa utafiti uharibuo mtoto aliye bado mwanzo wa uhai wake, hata ukiahidi dawa ya namna gani, na Mkristo atoaye fedha zake ana haki ya kuuliza zinakwenda kufanya nini.

Kuna na ahadi ya kurudi. Msamaria hakutoa dinari mbili akatoweka. Mwezi wa Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha ghafula misaada yake ya nchi za nje, na majaribio mengi ya tiba katika Afrika na Asia yakaamriwa kukoma siku ile ile. Afrika Kusini walikuwako wanawake waliowekewa mwilini pete ya majaribio, ya kuzuia mimba na kuambukizwa UKIMWI. Juu ya kifaa hicho chenyewe Kanisa lina neno lake, nalo lajulikana. Leo si shauri letu. Shauri letu ni kwamba amri ilifika pete zimo bado miilini mwa watu, na wauguzi wakaambiwa wasiendelee na kazi. Watafiti wale hawakukubali kuwaacha. Waliendelea kuwaona wanawake hao. Taifa lina haki ya kupima linatoa kiasi gani kwa mgeni. Halina haki ya kufungua jeraha la mtu kisha likaondoka na kitambaa. Bwana wetu alinena juu ya mtu ajengaye mnara asiyekaa kwanza kuhesabu gharama. Mnara usiomalizika ni aibu ya mjenzi peke yake. Jaribio la dawa lisilomalizika humwumiza mwingine.

Na sisi? Maana hadi hapa tumewataja Wajerumani, Wamarekani, Wafaransa, na ni vyepesi kuzihesabu dinari za jirani. Mwezi wa Aprili 2001 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja, wakaahidi kutenga asilimia 15 ya fedha za serikali zao kwa ajili ya afya. Mwezi wa Novemba 2008 mawaziri walikutana Bamako, wakataka asilimia 2 ya fedha za wizara za afya iwe ya utafiti. Nchi nyingi zilizoweka ahadi hizo hazijafika huko.

Tunajua jibu litakalotolewa, nalo si jibu la kipuuzi. Mtu atasema: zahanati yetu haina vitanda, mjamzito anakwenda na mpira wa mikono aliojinunulia mwenyewe, nanyi mwataka fedha zipelekwe kwa watu wa darubini? Mzazi asemaye hivyo ana haki ya kusikilizwa, kwa maana mtoto wake anaumwa leo. Wala hatusemi kitanda kiondolewe. Lakini mzazi huyo huyo, katika mwaka wa njaa, hula mihogo mikavu na kuiacha mbegu ya mahindi darini, na wanawe wakilia haigusi. Anajua kwamba akiila ataomba mbegu kwa mwingine, na mwingine atampa mbegu aipendayo yeye. Ndivyo ilivyo katika utafiti. Asiyetoa hata senti hana kiti katika baraza linaloamua ni ugonjwa upi utafutiwe dawa. Atangoja, na mbung'o haungoji mkutano wa Geneva.

Tena si kweli kwamba kazi hii haituwezi. Ifakara ilikuwa misheni ya mapadre Wakapuchini wa Uswisi, na hospitali yao ya Mtakatifu Fransisko, mashamba ya mpunga na mbu wasiohesabika, wakati Profesa Rudolf Geigy wa Basel alipoweka huko maabara ndogo mwaka 1957. Leo ni taasisi ya Watanzania, yenye wataalamu wa nchi hii, na ndiyo iliyofanya kazi ya chanjo ya malaria huko Bagamoyo. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1979, ilifanya ile ya Korogwe. Vijana wanaotazama darubini huko walisoma katika shule hizi hizi tunazozijua. Lakini sehemu kubwa ya fedha zao bado hutoka ng'ambo, na zikikatwa ng'ambo, taa huzimika huku.

Kila mwezi wa Juni makadirio ya fedha za Serikali husomwa bungeni Dodoma, na wengi wetu husikiliza bei ya mafuta na ya sukari kisha tukazima redio. Utafiti wa afya nao una fungu lake. Mbunge ajapo jimboni, akina baba na akina mama wanaweza kumwuliza fungu hilo ni kiasi gani mwaka huu, ni ngapi kati ya hizo zimekwisha kutolewa kweli, na ahadi ya Bamako imefikia wapi.